Mbio za Kilimanjaro nitarudi, ile gesti ya Moshi sirudi

Nimetoka Kilimanjaro Marathon na hasira hazijaniisha. Si za mbio. Mbio zilikuwa tamu na nitazisimulia. Hasira zangu ni za gesti tuliyofikia pale Moshi, na hasa dada wa mapokezi aliyetuhudumia mwanzo mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye simu yake.

Tuko watano. Tulisoma pamoja Chuo cha Ushirika enzi kinaitwa MUCCoBS, kabla hakijawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Tulipomaliza kila mtu akashika njia yake: mmoja Mbeya, mmoja Tanga, mmoja alivuka mpaka akaweka maisha Nairobi, mimi na mwingine tuko Dar. Miaka yote hiyo tumekuwa tukionana kwenye misiba na harusi, tena si wote. Safari hii tukasema liwalo na liwe, likizo tutachukua wakati mmoja na tutakimbia kilomita 21 pamoja. Tulichagua Moshi kwa sababu mbio zinaanzia na kuishia uwanja wa chuo chetu, palepale tulipokuwa tunapiga mpira jioni mifukoni hatuna hata nauli. Kuna waliotushauri twende Zanzibar tukapumzike. Hatukutaka Zanzibar.

Vyumba vitatu tuliweka mapema, hata Krismasi haijafika. Tukakubaliana 35,000 kwa usiku, advansi nusu tukatuma kwa simu. Meseji ya muamala ninayo, na jibu lao ninalo: "Imefika, karibuni sana." Hao ndio walioandika karibuni sana.

Tumefika Jumamosi, giza limeshaingia, mbio ni Jumapili asubuhi. Nikamsalimia dada, nikataja jina langu, nikamwambia tuna vyumba vitatu.

"Vimejaa."

Nikamsogezea simu aone muamala. Hakuangalia. Akasema, "Kaka, hiyo ni ya zamani. Wiki ya marathoni bei ni nyingine, na mlitakiwa mpige simu mthibitishe."

Tuthibitishe nini tena wakati hela mmeshachukua? Nikamuuliza hivyohivyo. Hapo ndipo aliponimaliza: "Kuna chumba kimoja kimebaki, elfu sabini. Hamtaki, semeni, kuna watu wanakisubiri nje." Na advansi yetu? "Hiyo mtaongea na meneja." Meneja kwa simu akasema tutaongea kesho, na kesho yake simu haikupokelewa.

Mtu asije akaniambia kwamba walizidiwa na wageni. Mbio hizi zipo tangu mwaka 2003. Kila mwaka msimu huu wa joto, kabla ya masika, Moshi inafurika watu, na mwenye gesti anajua hilo kuliko mimi. Hawakuzidiwa. Walipata watu wa kulipa mara mbili, wakauza vyumba vyetu.

Saa ile mjini hakuna pa kwenda, tulishapiga simu kwingine kote. Tukalipa hiyo 70,000. Wanawake wawili na mimi tukachukua chumba, mimi chini kwenye kanga. Wenzetu wawili, wa Tanga na yule wa Mbeya ambaye tangu chuoni tunamwita Katibu, wakatandikiwa magodoro kwenye chumba cha chakula. Katibu alikuwa ametoka kwenye basi la kutwa nzima. Friji ya soda iko humohumo, kwa hiyo mpaka usiku wa manane watu wanamruka kichwani kwenda kuchukua vinywaji. Chandarua hakuna. Mimi kule chumbani nikawa nachukia kila kitu: kipande cha sabuni kilichotumika, bomba linalotiririka, mto unanuka dawa ya mbu. Siku nyingine labda nisingeviona. Usiku ule niliviona vyote. Nikaapa nikifika nyumbani nawapa nyota moja, na kama kuna nusu nawapa nusu.

Sasa kuna jambo linanitatiza. Alfajiri, kabla hata adhana, mama wa jikoni aliingia kuwasha moto akawakuta wale wawili sakafuni. "Jamani wanangu, nani amewalaza hapa?" Hakusubiri jibu. Akainjika sufuria kubwa la maji ya kuoga, maana hita ilikuwa haifanyi kazi, akatupikia uji wa ulezi mzito na akatuchemshia ndizi. Alikuwa anazungumza peke yake kwa Kichaga, na kwa sauti ile nilijua anawasema mabosi wake. Tulimpa hela akatusukuma mikono. Alipouona mguu wa Katibu umevimba kwa kukaa kwenye basi, akaukanda kwa kitambaa cha maji ya moto, amepiga magoti, mama mtu mzima kabisa. Nyota moja nimpe na huyu? Siwezi. Huyu anastahili zote tano, na ile gesti ingekuwa yake ningelala hata barazani.

Basi tukakimbia. Kibo kilikuwa wazi asubuhi ile, cheupe, hakina hata wingu. Ukishatoka mjini ukakamata barabara ya Mweka ni kupanda tu, migomba na kahawa kushoto kulia, na mlima hauna huruma. Wapanda Kilimanjaro hushukia upande huo wa Mweka, sisi tunaupandisha. Watoto wamejipanga barabarani wanataka kugongeshana viganja na kila mkimbiaji, na wanakuhesabia wenzako waliokupita. Njiani Katibu akabanwa na misuli. Hakulala, angefikaje? Akatuambia tumwache. Binti wa Nairobi, ambaye ndiye mwenye mbio kutuzidi wote, akamwambia, "Tumekuja watano, tunaingia watano." Tukatembea naye mpaka pa kugeuzia, na kila akisimama kujikanda namkumbuka yule dada na simu yake. Kushuka kukawa nafuu. Uwanjani tuliingia tumeshikana mikono, watu wanapiga makofi, na nililia. Tulikaa kwenye nyasi na medali zetu tukibishana kantini ya zamani ilikuwa upande gani, na nilisema moyoni kwamba yote nimesamehe.

Tukarudi gesti kuchukua mabegi. Dada yuleyule, simu ileile. "Saa nne imepita, mnadaiwa siku ya pili." Begi la Katibu walishalitoa nje, liko chini ya mti juani, zipu wazi. Msamaha wote ukaniisha palepale. Nilisema kwa sauti ambayo wageni wote waliisikia, na siombi radhi. Hatukulipa. Mlinzi wa getini alipoambiwa atuzuie aliinama akawa anafunga kamba za viatu vyake, tukapita. Ahsante mzee.

Tukaenda kula mtori mjini, na mwakani tumeshapanga. Tutalala Kibosho kwa wakwe wa mwenzetu wa Dar, na mimi nitapita pale gesti asubuhi na mapema, kwa mlango wa jikoni, nimpelekee yule mama kitenge. Mapokezi sitaingia. Na ile advansi bado nawadai, kila mwisho wa mwezi namtumia meneja picha ya ule muamala.