WhatsApp na Jaguar Land Rover: ipi ilinunuliwa ghali?

Mwaka 2008 Tata Motors ya India iliinunua Jaguar Land Rover kutoka Ford kwa dola bilioni 2.3. Ndani ya bei hiyo kulikuwa na viwanda vya Uingereza vya Solihull, Castle Bromwich na Halewood, mitambo, michoro ya magari na maelfu ya mafundi. Miaka sita baadaye Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Wafanyakazi 55! Mapato ya 2013 yalikuwa takriban dola milioni 10, na kampuni ilipata hasara.

Mtu wa kiwandani ataona ni wazimu. Mimi sioni hivyo. Kila Land Rover inayoongezeka inadai chuma, rangi, saa za kazi na meli ya kuisafirisha; mauzo yakipanda, gharama nazo zinapanda. Mtumiaji mpya wa WhatsApp hagharimu karibu chochote, tena huvuta ndugu na marafiki. Wakati huo watu waliokuwa wakiitumia kila mwezi walishafika milioni 450. Hao ndio walionunuliwa, na naamini Facebook ililipia pia usalama wake, wasije wakaangukia mikononi mwa mshindani.

Lakini kiwanda kikidorora, ardhi na mitambo huuzwa. Watumiaji wakihama, hakuna cha kupiga mnada. Halafu tazama: mwaka wa fedha 2010/11 Jaguar Land Rover ilipata faida ya zaidi ya pauni bilioni 1 kabla ya kodi. Kwa fedha zangu, ningechukua magari.