Delicate Arch au Corona Arch, mkiwa na siku moja tu Moab

Kama mpo Moab, Utah, kule Marekani, na washkaji na mna siku moja tu ya kuona moja ya haya matao ya asili ya mwamba, Delicate Arch au Corona Arch, mimi nasema nendeni Corona. Delicate ndo ile iliyochorwa kwenye pleti za magari ya Utah, kila mtu anaijua, na kweli ni nzuri sana, ila ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi, unapanda mwamba mtupu hakuna kivuli, na ukifika juu watu wamejaa wanasubiri zamu ya picha. Kiingilio cha hifadhi ya Arches, ambamo Delicate ipo, pia mnalipa.

Corona ni kama kilomita 4, bure, mnavuka reli halafu mnafika pale mwamba umesimama, kuna waya wa chuma wa kushikilia na kingazi kifupi, mwenzetu mmoja viatu vilikuwa vinateleza tukampokea begi kwanza ndo akapanda. Vumbi jekundu mpaka ndani ya soksi! Maji lita 2 au zaidi kila mtu, kote kote.

Ila jioni Delicate haina mpinzani, jua likizama lile jiwe linaiva kama kaa la moto.