Getiwei ya Modbus: mita ikifa, itakuwaje?

Jumapili asubuhi fundi wa zamu akanipigia: "Dada, mita ya pampu imeungua, na zile nyingine nane nazo zimegoma." Hazikuwa zimegoma. Kisanduku nilichokinunua mimi mwenyewe kuunganisha mita na kompyuta ndicho kilichoziacha kompyuta zimeduwaa, zikisubiri maiti ijibu.

Kwa hiyo leo sitaongelea volti wala idadi ya taa za mbele. Swali ni moja: mita ikinyamaza, getiwei, yaani kisanduku cha kupitisha mazungumzo ya Modbus (lugha ya mita na mashine) kati ya mita na kompyuta, inafanya nini?

Kwenye waya wa RS-485, ule unaounganisha mita zote, anaongea mmoja tu kwa wakati. Ukiweka muda wa kusubiri sekunde 1 na kurudia mara 3, mita mfu inakula sekunde 4 kila mzunguko. Wakiuliza wateja wawili, yaani kompyuta zinazosoma mita, kama SCADA (mfumo wa kusimamia mitambo) na kompyuta ya mhasibu, foleni inajaa na mita nzima zinaonekana mfu. Getiwei yenye akili hurudisha kosa namba 11, yaani "seva haijajibu" (seva hapa ni mita), kisha inaendelea na wengine.

Kuna na hili la kukumbuka nani kauliza. Ombi la Modbus TCP, ile ya mtandao wa kompyuta, lina namba yake. La RTU, ile ya waya wa mita, halina. Getiwei ndiyo inayotunza hesabu hiyo. Changu kumbe kilikuwa kigeuzi tu, kinasukuma baiti kama zilivyo, kompyuta zote mbili zikiongea RTU ndani ya TCP, bila zile namba. Majibu yakamwendea yeyote. Mhasibu akaona kinu kinakula umeme wa pampu, tukabishana wiki nzima.

Chaguo langu la kwanza ni Moxa MGate MB3270, na sifichi, mimi ni mtu wa Moxa. Ina poti mbili, kwa hiyo mita korofi unazitenga kwenye waya wao. Inapokea wateja 32 na kushika maombi 32 ya kila mmoja.  Kosa namba 11 hakikisha limewashwa kwenye mipangilio.

Ya pili ni MB3170, ndugu yake wa poti moja. Mita zako zikiwa chache inatosha.

Ya tatu, Advantech EKI-1221. Sina ugomvi nayo.

Waveshare ni ya kujifunzia mezani. Soma vizuri kama imeandikwa Modbus, si RS-485 pekee.

Sasa wauzaji. Bei ni "njoo inbox", ukienda inbox ni "piga simu", ukipiga inapanda kwa sababu ya dola. Yule aliyeniuzia nilimuuliza kabla ya kulipa: hiki kinahudumia wateja wangapi kwa pamoja?

"Dada, wateja wetu wote wanakisifu."