Miezi minane na iSupport: tulivyoipeleka Machame kwa sauti

Mama yangu ana miaka 79, yuko Machame, wilayani Hai, na huu ni mwaka wa nne anaishi na demensia, ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mimi nakaa Dar es Salaam. Anayeamka naye usiku ni wifi yangu, mke wa kaka, akisaidiana na binti wa kazi. Programu ya kwanza niliyojaribu kwenye simu, ya kulipia kila mwezi, ilitaka jina la mlezi, na nafasi ilikuwa ya jina moja tu. Jioni mama akianza kuhangaika, ikanishauri nimzungushe kwa gari na kuhakikisha geti limefungwa. Kwetu hakuna geti. Nyumba iko katikati ya kihamba, yaani shamba la migomba la familia, na kijia kinateremka moja kwa moja hadi kwenye mfereji. Baada ya wiki tatu nikaifuta.

Nesi mmoja ndiye aliyenielekeza iSupport ya Shirika la Afya Duniani. Ni mafunzo ya bure kwa walezi, yaliyotoka mwaka 2019, na kuna kitabu chake cha kupakua: sehemu 5, masomo 23. Nilichukua cha Kiingereza. Kilichonipa moyo ni kwamba shirika lenyewe limetoa mwongozo wa kuyarekebisha mafunzo haya yaendane na lugha na mila za mahali, na Ureno, India na Australia ni miongoni mwa waliofanya hivyo. Nikaona hata sisi tunaweza, kwa ukoo mmoja.

Basi nasoma somo, nalieleza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, narekodi sauti ya dakika tatu na kuituma kwenye grupu la familia. Wifi anasikiliza huku anamenya ndizi.

Somo lililotufaa kuliko yote ni la kutobishana. Kila jua likizama mama husema, "Nataka kwenda kwetu." Tulikuwa tunamjibu kwamba hapa ndipo kwake, ameishi hapa miaka hamsini, naye anazidi kukasirika hadi analia. Lakini kwa mwanamke aliyeolewa, kwetu ni kwa baba yake! Kwenye sauti yangu niliacha habari ya nyumba, nikasema: muulizeni habari za Kibosho, kwa baba yake, nani alikuwa anakata majani ya ng'ombe, nani alikuwa mkali. Wifi humuuliza kwa Kichagga, maana Kiswahili kinamtoka kidogo kidogo. Mama anasimulia, giza linaingia, chai inafika. Si kila siku, ila siku nyingi.

La kuogesha nililipanga upya kabisa. Kaka hawezi kumwogesha mama yake, na sikutaka kumwaibisha mbele ya grupu. Nilimpa zamu ya usiku, akae karibu na mlango.

Maneno ya kwamba mama amerogwa yalikuwepo, tena ndani ya familia. Hapo nilitumia habari za Hai yenyewe. Watafiti walipopima wazee wa miaka 70 na kuendelea wilayani kwetu, walikuta takriban 6 katika kila 100 wana demensia. Kuna hata kipimo kilichotengenezwa huko huko ambacho mzee hupanga njiti za kiberiti badala ya kuchora kwa kalamu, kwa sababu wengi hawakupata shule. Baba mdogo alisikiliza sauti ile mara mbili, akanipigia kuuliza kama na dada yao marehemu alikuwa nao ugonjwa huu. Nadhani alikuwa nao.

Sehemu ya mlezi kujitunza ndiyo iliyonipa kazi. Mkwe hawezi kusema amechoka kumtunza mama mkwe. Ataonekana anakimbia radhi. Nilirekodi, nikaisikiliza, nikaifuta. Mimi wifi yake kumwambia apumzike kungesikika kama namsema. Nikamwomba baba mdogo aseme yeye, na akasema kwa Kichagga, polepole, akimtaja kwa jina la heshima la mama wa watoto wake: Jumamosi mbili kila mwezi ni zako, na watoto wa kuzaliwa wa mama watakuja kushika zamu.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi la alfajiri nikashika ya kwangu. Wifi alikwenda kwao.