Apu za kuchati bila jina na watu wa karibu: kwa Dar nazipa nyota mbili

Aisee hizi apu za kuchati na watu waliokuzunguka bila kuonyesha jina nimezipitia kadhaa hapa mjini, na niseme tu ukweli, wazo tamu ila Dar bado hazijakaa, labda uwe chuo.

Yik Yak ndo walizivumisha, ilianza 2013 kule Marekani, vyuoni ikashika kinoma halafu matusi na kuchafuana vikazidi, 2017 ikafungwa, ikarudi 2021, unaona posti za walio ndani ya maili 5 kutoka ulipo, yaani kama kilomita 8. Wajerumani wana Jodel, yenyewe kama kilomita 10. Sasa chora kilomita 10 kuanzia Kariakoo uone, umemeza Magomeni, Temeke, Kinondoni, Kigamboni ng'ambo kule hadi Mwenge, huyo bado ni jirani kweli? Na pamoja na eneo lote hilo ukifungua unakuta pakavu, mtu mmoja anauza viatu vya mtumba mwingine anauliza nani yupo macho, maana watu wote wako kwenye magrupu ya WhatsApp.

Telegram nao walikuwa na sehemu ya watu wa karibu, wameitoa Septemba 2024, bosi wao Durov mwenyewe alisema maboti (akaunti zinazojiendesha zenyewe) na matapeli wamezidi. Siwashangai. Hata nilizojaribu mimi, salamu ya kwanza "mambo mrembo" (mimi mwanaume mwenye ndevu), ya tatu tayari unaambiwa tuma kwenye namba hii.

Kinachoniudhi zaidi ni zile zinazoonyesha umbali, eti "mita 400". Mtu akiamua, anasoma umbali wako akiwa Sinza Mori, anasogea Bamaga anasoma tena, anaenda Makumbusho anasoma tena, akichora duara tatu kwenye ramani zinakutana getini kwako. Ndo maana nzuri ni zile zinazokadiria umbali au kuuficha kabisa, na kwenye simu yenyewe, Android 12 kwenda juu au iPhone ya iOS 14 kwenda juu, unaweza kuzima lokesheni kamili ukaiachia ya kukadiria tu. Fanya hivyo kabla hujaandika chochote.

Halafu hilo "bila jina" ni kwa jirani tu, mwenye seva anakuona. Apu ikidai namba ya simu na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole basi jina lako lipo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi kama ulitumia jina la utani. Na mtaani kwetu ukiandika "yule dada wa chipsi karibu na msikiti" hata bila jina mtaa mzima umeshajua ni nani na nani kaandika.

Zinapofaa sasa, umeme ukikata. Unauliza "Mbezi nzima au ni LUKU yangu imeisha?" na wakiwepo watu humo unajibiwa fasta kuliko kupiga simu popote. Foleni ya mwendokasi Kimara asubuhi nayo, na wanafunzi wa Mlimani wanaweza kuifaidi kweli maana wako wengi sehemu moja na wana mambo yanayofanana.

Ila kama simu yako betri limechoka achana nazo, GPS ikiwaka muda wote chaji inaisha kabla hujafika Posta.