Vitalu vya Malindi na kiunga cha chekechea: miche nunueni, mpangilio wao uacheni

Kando ya barabara ya Malindi kwenda Gede na Watamu kuna vitalu vya miche chini ya vivuli vya makuti, na siku hizi vingine haviuzi miche peke yake. Vinauza kazi nzima: vijana wanakuja shuleni, wanachimba mashimo, wanaleta samadi, wanapanda na kuondoka. Tathmini hii ni ya huduma hiyo, kwa chekechea inayotaka kiunga cha matunda ambacho watoto watajifunzia nje ya darasa na mtaa utakitunza.

Hukumu yetu ni hii: miche ya embe na mapera ni mizuri, inastahili pesa. Uchimbaji na upandaji unataka msimamizi asiyeondoka hata kidogo. Mpangilio wa miti wanaoupendekeza haufai kwa watoto wa miaka minne na mitano. Kwa nyota tano, miche tunaipa nne, kazi ya kupanda mbili na nusu, ushauri moja.

Tuanze na huo ushauri, maana ndio unaoharibu mambo. Muuza miche akisikia shamba la matunda, akili yake inakwenda kwa mwembe. Atawapangia miembe kumi ya Apple au Ngowe, mita 8 hadi 10 kutoka mti hadi mti. Kwa mkulima wa soko hiyo ni hesabu sawa. Kwa chekechea, si sawa. Mwembe uliobebeshwa, yaani kijiti cha aina nzuri kilichounganishwa juu ya shina la mwembe mwingine, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na wa kokwa hungojewa hata miaka minane. Mtoto anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ana miaka minne na anamaliza PP2, mwaka wa pili, akielekea sita. Aliyeumwagilia mwembe huo ataondoka kabla haujatoa ua la maana. Isitoshe, msimu mkubwa wa embe Pwani unaanguka kuanzia Novemba hivi, shule zimefungwa. Maembe yanaliwa na popo na nzi wa matunda huku darasa lina kufuli.

Kiunga cha watoto kipimwe kwa muda wa mtoto. Mpapai unazaa miezi 9 hadi 12 tangu kupandwa, kwa hiyo aliyeupanda ndiye atakayeula. Mgomba unachukua mwaka hivi. Pasheni ya manjano, inayostahimili joto letu kuliko ile ya zambarau, inatambaa kwenye ua na haili nafasi. Mpera na mkomamanga ni miaka miwili au mitatu, na yote miwili hukaa chini, mkono wa mtoto unafika. Miembe iwe miwili tu, ya kivuli na ya vizazi vijavyo.

Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 25 tungepanda hivi: miembe miwili upande wa mbali, mita 9 kati yake na angalau mita 8 kutoka ukuta wa darasa au shimo la choo. Mipera mitatu kwa mita 5. Mikomamanga mitatu kwa mita 4. Mistafeli miwili. Mashimo sita ya mipapai kwa mita 2.5, na vishina viwili vya migomba pale yanapomwagika maji ya kunawa mikono, ambayo hupotea bure katika shule nyingi. Upande unaopigwa na upepo wa kusi pandeni mstari wa mivinje. Inavumilia chumvi na mchanga, ila iwe mita 6 au zaidi kutoka kwa miti ya matunda, maana mizizi yake inanyonya maji mbali.

Kuna miti ambayo kitalu kitawatilia garini kama zawadi na ni lazima mkatae. Mkorosho: mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Mnazi na mfenesi: tunda likianguka halichagui kichwa. Mkunazi na ndimu zina miiba. Parachichi halijapata kupenda mchanga wetu wa chumvi; litakauka ncha za majani na kufa polepole mbele ya watoto. Mstafeli tunaukubali kwa sharti moja: mbegu zake ni sumu, na unga wa mbegu hizo ukiingia machoni unaumiza vibaya, hivyo tunda liondolewe mbegu na mtu mzima kabla ya kugawiwa. Utomvu wa embe nao huwatoa baadhi ya watoto vipele midomoni. Embe livunwe na mtu mzima, lilazwe kikonyo kikiwa chini mpaka utomvu uishe, kisha lioshwe.

Ndimu moja, hata hivyo, ipandeni nje ya ua, pale inapoonekana. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayetaga kwenye majani yake. Kiwavi akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, akikua anageuka kijani. Mti utapoteza majani kadhaa, na darasa litapata somo ambalo hakuna picha ya ukutani inayolifikia. Muuza miche atawashauri mpige dawa. Msipige.

Sasa miche yenyewe, ambako vitalu hivi vinastahili sifa. Wanabebesha vizuri, kovu la kuunganishia huwa limefunga, na majani hayana ugonjwa. Kosa liko kwa mnunuzi anayechagua mche mrefu kuliko yote. Mche mrefu ndani ya kiriba (mfuko wa mche) kidogo umekaa sana kitaluni na mizizi yake imejizungusha kama kamba ndani ya ndoo. Ukipandwa hivyo, unasimama mwaka mzima bila kukua, na upepo wa kusi unaung'oa. Chagueni mfupi, shina unene wa penseli, uliochipua majani mara mbili tangu ubebeshwe. Ulazeni, tazameni chini ya kiriba: mizizi myeupe michache ikichungulia ni sawa, mzizi mnene wa kahawia uliotoboa ukaingia ardhini ni dalili ya kuuacha. Ushikeni shina karibu na udongo muuinue kidogo. Donge lote likifuata, mizizi imeshika. Shina likichomoka peke yake, umehamishwa juzi.

Kitalu cha miche ya matunda kinatakiwa kuwa kimesajiliwa. Ombeni kuona cheti. Mkikosa aina mnayotaka, kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa, kilomita 100 hivi kusini, ndiko pa kuulizia.

Kazi ya kupanda ndiyo inayotuudhi. Vijana hulipwa kwa shimo, kwa hiyo shimo huwa la sentimita 30 na linajazwa siku ileile. Shimo la mti wa kudumu liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Kwenye mchanga kazi hiyo ni rahisi. Kwenye matumbawe inataka mtaimbo, na mkigonga mwamba kabla ya sentimita 40, hameni mahali, msijidanganye. Udongo wa juu ulio mweusi uwekwe upande mmoja, wa chini upande mwingine. Mwageni ndoo ya lita 20 ndani: kesho yake maji yakiwa bado yamesimama, hapo mpapai utaoza mizizi. Kisha rudisheni udongo wa juu uliochanganywa na madebe mawili ya samadi, acheni shimo litulie wiki mbili au tatu, na lifunikwe kwa mbao au mabati wakati wote lililo wazi. Watoto wadogo na mashimo havikai pamoja.

Samadi ya mbuzi inayoletwa mara nyingi ni mbichi. Mtu mzima aingize mkono katikati ya fungu. Likiwa na joto au likinuka mkojo, mizizi itaungua, na wiki tatu baadaye kingo za majani zitakuwa kahawia huku kitalu kikisema ni ukosefu wa maji.

Makosa mengine manne hujirudia. La kwanza, wanakata kitako cha kiriba tu na kuzika kilichobaki, kiondoeni chote. La pili, wanazika kovu ili mti usimame imara. Usawa wa udongo ubaki uleule uliokuwa kitaluni, kovu liwe juu kabisa pakavu. Mti ufungiwe kwenye kijiti kwa ukanda wa mpira wa baiskeli kama unayumba. La tatu, utepe wa plastiki wa kubebeshea unaachwa shinani. Baada ya miezi sita unakuwa umelikaba na mti unavunjika hapohapo. La nne linakuja baadaye: machipukizi yanayotoka chini ya kovu ni ya mwembe wa kienyeji uliobeba, si ya Ngowe mliyolipia. Yang'oeni kwa kidole yangali laini, kila mwezi.

Kuna jambo moja la Malindi ambalo hakuna kitalu kilichotutajia. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, na karibu na madarasa mapya kunakuwa na mabaki ya saruji yaliyofukiwa. Mti ukipandwa hapo, majani machanga yanakuwa manjano na mishipa inabaki kijani, kwa sababu chokaa inauzuia mti kupata madini ya chuma. Maji zaidi hayasaidii, wala samadi zaidi haitatui. Chimbeni mbali na palipokuwa na jengo.

Mipapai ina hesabu yake. Mingi ya hii inayouzwa inatokana na mbegu, na haijulikani dume wala jike mpaka ichanue. Pandeni miche mitatu kila shimo, sentimita 30 kati yake, yaani 18 kwa mashimo sita. Dume linaning'iniza vishada virefu vya maua madogo, jike lina ua kubwa lililoganda karibu na shina. Acheni jike moja kila shimo na dume moja kwa kiunga chote. Watoto wa PP2 wanaweza kabisa kuyatambua wenyewe na kuyahesabu.

Maji ndiyo yanayoua viunga vya shule, na huduma hii haiyagusi hata kwa neno. Miti 10 ya kudumu, lita 20 kila mmoja mara mbili kwa wiki, ni lita 400. Mashimo sita ya mipapai kwa lita 10, mara mbili, ni 120 zaidi. Kaskazi kavu ya Januari hadi Machi ni wiki 13 hivi, kwa hiyo lita 6,760. Tangi la lita 5,000 halifiki. La 10,000 linafika. Paa la mabati la mita 100 za mraba, kwa mvua ya jumla ya milimita 100, hutoa lita 8,000 baada ya kutoa zinazopotea. Paa la makuti lisiwape matumaini hayo. Maji ya kisima yaonjeni kwanza: yakiwa na chumvi, mkomamanga utavumilia, mwembe mchanga hautavumilia. Nyasi kavu ziwekwe kuzunguka mti kwa unene wa kiganja, zisiguse shina, vinginevyo mchwa watapanda kwa ngazi mliyowawekea. Na watoto 20, kila mmoja na chupa ya lita moja, wanamaliza kiu ya mti mmoja. Hapo kuna kuhesabu, kubeba, kusubiri zamu na kumwaga bila kuchimbua mizizi.

Nzi wa matunda watakuja pamoja na mapera ya kwanza. Valisheni tunda mfuko wa karatasi ya gazeti likiwa na ukubwa wa ndimu. Yaliyoanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa sentimita 60 chini. Yakitupwa jaani, funza wanageuka nzi na kurudi.

Kwa shule za kisiwani Lamu, miche ikivuka kutoka gati la Mokowe, upande wa bara, ifunikwe turubai, na ikifika ioshwe kwa maji baridi ya kunywa, kwani manyunyu ya maji ya bahari yanachoma majani kwa siku moja. Kisha ikae kivulini wiki nzima kabla ya kupandwa. Miche ya Malindi inayosafirishwa kwa pikapu wazi inahitaji vivyo hivyo, kwa sababu ya upepo.

Kabla ya kulipa, kamati ya wazazi iandike karatasi moja: nani anamwagilia likizo ya Aprili, Agosti na Desemba, na matunda ni ya nani. Kama ardhi ni wakfu, msimamizi wake atie sahihi naye. Tumeona wazee wa mtaa wakiitikia haraka wanapoelezwa kwamba mti wa matunda ni sadaka inayoendelea, lakini ndoo ya maji ya tarehe 27 Desemba inataka jina la mtu.

Na kitalu nacho kiandikiwe: mche utakaokufa ndani ya miezi mitatu ubadilishwe bila malipo, theluthi mbili ya pesa siku ya kupanda, theluthi iliyobaki baada ya miezi hiyo. Kitalu kinachojiamini kinakubali. Agizeni Februari, mashimo yachimbwe Machi, na miche iingie ardhini masika yakishalowesha udongo, kati ya Aprili na Mei. Anayewaambia Januari ni wakati mzuri anataka kumaliza miche yake.