Wafuturisti au Dada: kikundi chetu kifuate nani?

Jioni moja kijiweni Area C, hapa Dodoma, sisi wasanii wa kikundi kimoja tulibishana tufuate harakati ipi ya sanaa ya Ulaya, Wafuturisti au Dada, hadi mfuko wa zabibu ukaisha.

Mshairi Marinetti wa Italia alitoa ilani ya Wafuturisti mwaka 1909, katika gazeti la Le Figaro la Paris: makumbusho yabomolewe, magari ya kasi na vita visifiwe. Mwaka 1929 huyohuyo akaingia Akademia ya Kifalme chini ya Mussolini. Mbomoaji kapewa kiti! Sina hamu naye.

Dada walianzia Zürich mwaka 1916, wengi wao wakiwa wameikimbia Vita Kuu ya Kwanza. Hawa nawapenda, ndiyo maana vituko vyao vinaniuma. Mwaka 1917, huko New York, msanii wao Duchamp alipeleka kwenye maonyesho sinki la kukojolea la dukani, limesainiwa “R. Mutt”. Kejeli tupu: kitu cha kiwandani, bila ufundi wa mkono. Likapotea. Mwaka 1964, kwa idhini yake, mafundi wakafinyanga nakala wakifuatisha picha! Moja imo katika jumba la sanaa la Tate, London, na ole wako ukijaribu kuikojolea.

Mwenzetu akakumbusha michoro ya mwambani ya Kolo, Kondoa: haina saini wala ilani. Tukacheka.

Mimi bado niko na Dada, ila ukuta wetu tutaupiga chokaa kila mwezi, kazi zetu zisije nazo zikageuka vitu vya makumbusho.